Mapipa Mawili Matupu

Mimi si mtu wa kushangazwa. Nasema hivyo bila majivuno, kama vile mwingine anavyosema yeye ni mrefu. Nimeona ziwa likipanda mpaka vizingiti vya nyumba za chini ya soko, na jirani yangu akivua samaki kwa chandarua mahali palipokuwa kitanda chake. Nimeona kiboko akiingia uwanja wa msikiti siku ya Ijumaa, akaviangalia viatu vyetu, akatoka. Nimeona Mgiriki mwenye presi ya kukamulia mawese hapa Rumonge, mtu ambaye watu walikuwa wanashuka kwenye majani ili apite, akiniomba mimi nimbebee sanduku juma lile la Uhuru. Nililibeba. Jioni ile presi ilikuwa yangu. Wengine walishangaa. Mimi nilikuwa nikiweka pesa kando tangu siku aliponifokea mara ya kwanza.

Kwa hiyo mdogo wangu aliporudi kutoka Bujumbura akasema ameanguka mtihani, sikushangaa pia.

Huyu mdogo wangu tumbo moja, baba yetu alimwacha akiwa bado hajui kufunga viatu. Nilimlea mimi. Nilimlipia shule mimi. Nilimnunulia viatu vyenyewe. Alikuwa wa kwanza mtaani kwetu kuingia chuo kikuu, na kwa sababu hiyo nilikuwa nasimama sehemu nyingi za soko kuliko biashara yangu ilivyohitaji. Mimi mwenyewe nilisoma Kurani mpaka nikahitimu, na kwa mapadri nilisoma mwaka mmoja na nusu, mpaka walipotaka kunibatiza. Yaliyobaki nilijifundisha. Kifaransa nilikipata kwa Wabeleji waliokuwa wakinunua mafuta, na hesabu nilizaliwa nazo.

Tulikaa kwa mama. Alikuwa anachambua ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kwenye ungo, anatoa mawe.

"Uko na masomo mangapi?" nikamuuliza.

"Kumi na moja, kaka."

"Umefaulu mangapi?"

"Kumi."

"Basi umefaulu. Tufunge maneno."

"Haiko hivyo. Hii moja ndiyo mama yao."

"Mama yenu ni mimi," mama akasema, bila kuinua macho.

Somo lenyewe liliitwa aljebra lineeri. Burse yake, pesa za serikali za kumsomesha, ilikuwa imekatwa. Walimruhusu kurudia mwaka, ila kwa pesa zake, yaani zangu, na wakamwacha akae darasani mpaka Noeli kabla ya kulipa. Sasa mimi wakati huo nilikuwa nimefungua presi ya pili kule Kizuka, na nilihitaji mtu wa damu yangu wa kuisimamia. Mwizi wa mawese haibi pipa. Anaiba kikombe, kila siku, na anakusalimia vizuri. Nikasema wazi: Mungu amefunga mlango wa Bujumbura, amefungua wa Kizuka. Mutu asibishane na Mungu.

Mdogo wangu akasema, "Kaka, wewe unajua kila kitu."

"Sijasema hivyo. Nasema sijakutana bado na kitu ambacho sikijui."

"Basi njoo ukutane nacho. Kila juma uko Bujumbura na mapipa yako. Jumatano asubuhi njoo ukae darasani na mimi, mpaka Noeli. Profeseri akikupa neno moja la kuthibitisha, moja tu, lile atakalochagua yeye, na wewe ukalithibitisha mbele ya watu, mimi narudi. Nitakaa Kizuka, na sitataja tena shule. Ukishindwa, unanilipia mwaka."

Mama aliacha kuchambua. Nikaona anamtazama yeye, si mimi. Nikasema, "Andaa nguo za kazi."

Kabla ya kwenda nilipita kwa mwalimu wetu wa msikiti, akanambia neno aljebra si la Wabeleji hata kidogo. Ni la Kiarabu, al-jabr, kuunga mfupa uliovunjika, na Waislamu ndio waliolianzisha. Nikatoka pale mwepesi. Nilikuwa naenda kusoma mali yetu wenyewe.

Jumatano ya kwanza nilivaa kanzu nyeupe, koti la Mgiriki, na kofia iliyoshonwa kwa mkono. Nilipoingia darasani wanafunzi wote wakasimama. Nikawaonyesha kwa mkono wakae. Profeseri alipoingia nyuma yangu, Mubeleji mfupi mwenye chaki mpaka kwenye nyusi, hawakusimama tena. Walikuwa wameshaitumia heshima yao. Mdogo wangu alimweleza mimi ni nani. Profeseri akanitazama, akasema kiti kipo na kiti hakilipiwi. Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu.

Nilikaa karibu na mwanafunzi mmoja Mukongomani, mtu wa Uvira, Mkristo, mnene, aliyekuwa ananitafsiria pale Kifaransa changu kilipofika mwisho wa soko. Profeseri aliandika asubuhi nzima. Mimi nikangoja hesabu. Namba kubwa niliyoiona siku ile ilikuwa mbili, nayo ilikaa juu ya herufi, pembeni, ndogo, kama mtoto aliyebebwa begani. Nyingine zote zilikuwa herufi. Mimi naweza kuzidisha mapipa ya msimu mzima kwa bei ya siku kabla wewe hujafungua kalamu, na hapa hakuna mtu aliyeniuliza.

"Wanahesabu lini?" nikamnong'oneza yule mnene.

"Papa, hapa hatuhesabu," akasema. "Hapa tunasema kwa nini."

Nilichoelewa siku hiyo ni hiki. Kuna kitu wanakiita vekteri. Si lazima uone ni nini. Ni kitu chochote kinachokubali kujumlishwa na mwenzake na kuzidishwa kwa namba, kikafuata sheria fulani ambazo profeseri aliziandika ubaoni moja chini ya nyingine. Nilizinakili zote kwa adabu, nikidhani ni kama salamu, kwamba mazungumzo yenyewe yatakuja baadaye. Hazikuwa salamu. Mpaka Noeli hatukupewa kitu kingine cha kutegemea ila zile sheria.

Nikaenda Jumatano ya pili na ya tatu. Jumanne nashusha mapipa kwenye kiwanda cha sabuni, nalala mtaa wa Buyenzi kwa shemeji, asubuhi niko darasani kabla ya mwenye ufunguo. Nilikuwa mwanafunzi hodari. Nasema hivyo kwa sababu hakuna mwingine aliyebaki wa kusema. Profeseri alitoa neno moja kwamba ukichanganya vitu vya aina mbili tu, kwa vipimo vyovyote unavyotaka, huwezi kupata michanganyiko mitatu ambayo kila mmoja unajitegemea. Lazima mmoja utoke kwa wenzake. Akasema juma lijalo mtu atuletee uthibitisho. Mimi nilirudi Rumonge, nikachukua mawese mepesi ya Kizuka na mazito ya Kabonga, nikachanganya kwenye chupa, nikapima, nikaandika. Chupa zilijaa ukumbi mzima mpaka mke wangu akaanza kupitia dirishani, kwa maonyesho tu. Jumatano nikaleta mifano arobaini, yote inakubali.

Profeseri aliisoma yote. Huo ndio ukweli, aliisoma yote, amesimama.

"Na wa arobaini na moja?" akauliza.

"Bwana profeseri, mtu akipima mapipa arobaini yote yakawa mazuri, la arobaini na moja ananunua."

"Ananunua, ndiyo," akasema. "Lakini hajui."

Neno hilo lilinikera njia nzima ya kurudi. Sisi katika biashara ya mawese tunatumbukiza kijiti cha mwanzi mpaka chini ya pipa, tunakitoa, tunaangalia kama maji yamekaa chini ya mafuta. Unafanya hivyo kwa mapipa matatu ukiwa mwangalifu. Ukiwa na haraka, kwa moja, lile ambalo muuzaji anasimama mbali nalo. Juma lile nilitumbukiza kijiti katika kila pipa lililoletwa. Wauzaji walikasirika. Mzee mmoja wa Kizuka aliyekuwa ananiuzia tangu enzi za Mgiriki aliniuliza amenikosea nini.

"Hujanikosea," nikamwambia. "Nilikuwa nanunua bila kujua."

"Na sasa?"

"Sasa nanunua polepole."

Pipa lake la mwisho lilikuwa na maji mpaka robo. Alisema ni mvua. Mapipa yana vifuniko, lakini ni mtu mzima, nikamwachia mvua yake.

Mji mzima ulijua ninasoma. Sikuwaambia wote, niliwaambia wachache wenye midomo. Nikipita kwenye benchi la muuza kahawa, mbele ya soko, wanasema, "Amahoro, mwanachuo!" Nami naitika. Wakati ule mtu aliweza kujisifia kusoma bila kutazama nyuma yake.

Ikafika Jumatano ya mwisho kabla ya Noeli. Mdogo wangu alikuwa amekonda. Vitabu vyake alikuwa amevifunga kwa kamba, sikujua kama ni kwa ajili ya kurudi nyumbani au kwa mazoea. Profeseri alijua ahadi yetu. Alikuwa ameisikia kwa wanafunzi, akaikubali kwa uso wa mtu anayekubali kupima uzito wa mbuzi. Aliniita ubaoni, akanipa chaki, akasema:

"Thibitisha kwamba katika nafasi ya vekteri, sufuri ni moja tu."

Darasa likaguna. Lilikuwa jambo dogo, la zile sheria za siku ya kwanza ambazo mimi nilidhani ni salamu. Mdogo wangu akainamisha kichwa. Alijua sasa anakwenda Kizuka.

Nami nilidhani profeseri amenionea huruma, jambo ambalo silipendi. Sufuri ni moja tu, nani atabisha? Nikageukia ubao. Hapo ndipo nilipofikiri vizuri, nikaona kwamba si kweli.

"Bwana profeseri," nikasema, "si kweli."

"Si kweli?"

"Kwangu Rumonge nina tupu tatu. Nina pipa tupu la mawese, nina pipa tupu la petroli, na nina pipa jipya ambalo halijawahi kutiwa kitu. Mtu akiniletea tupu la petroli akasema ni sawasawa na tupu la mawese, namtoa dukani."

Walicheka mpaka yule mnene wa Uvira akafuta macho. Profeseri hakucheka. Aliketi juu ya meza yake, miguu haifiki chini.

"Ukimimina mawese yako mazuri ndani ya pipa hilo tupu la petroli, unapata nini?"

"Hasara."

"Yaani mawese yamebadilika."

"Yamebadilika kabisa. Hata sabuni hawayataki."

"Basi pipa hilo si tupu," akasema. "Lina kitu, hata kama hukioni. Tulisema nini siku ya kwanza? Sufuri ni kile ambacho ukikiongeza juu ya kitu chochote, kitu hicho kinabaki vilevile. Pipa lako la petroli limeshindwa. Liondoe."

Nikaliondoa. Ilikuwa haki, mimi mwenyewe huyapaka mapipa hayo rangi nyeusi yasichanganyike na mengine.

"Sasa chukua yale ambayo ni matupu kweli," akasema. "Unayo mangapi?"

Nilisimama na ile chaki. Nikataka kusema moja, kwa sababu ndilo jibu lililotakiwa, lakini nilijua ataniuliza kwa nini. Basi nikafanya kama ninavyofanya mtu akinidanganya: nikamkubalia kwanza.

"Tuseme ninayo mawili," nikasema. "Moja la Kizuka, moja la Kabonga. Yote mawili hayabadilishi kitu."

"Tuseme."

"Nalimimina la Kizuka ndani ya la Kabonga."

Nikanyamaza, maana hakuna kilichomiminika, na mtu mwenye akili hafanyi kazi hiyo mbele ya watu.

"Endelea," akasema.

"La Kabonga halikubadilika, kwa sababu la Kizuka halibadilishi kitu. Kwa hiyo nilichonacho ni la Kabonga."

"Ndiyo."

"Lakini la Kizuka nalo halikubadilika, kwa sababu la Kabonga pia halibadilishi kitu. Kwa hiyo nilichonacho ni la Kizuka."

"Ndiyo."

"Na nilichonacho ni kitu kimoja."

Hakuna aliyecheka.

"Basi ni lilelile," nikasema. "Yalikuwa mawili kwa jina tu. Pipa ni moja."

Profeseri alishuka mezani, akaandika ubaoni yale niliyosema, kwa herufi. Mstari ule ulikuwa mfupi kuliko kidole changu. Kisha akaniuliza, "Umepima mapipa mangapi?"

"Hata moja."

"Na la arobaini na moja?"

"Lile nalo," nikasema.

Akanipa mkono. Chaki yake ilibaki kwenye mkono wa kanzu yangu. Sitaki kusema nilishangaa. Nilikaa chini kwa sababu nilikuwa nimesimama muda mrefu.

Mdogo wangu alichukua vitabu vyake. "Umeshinda, kaka," akasema. "Twende."

Tulirudi na kamyoneti yangu, mapipa matupu yakigongana nyuma. Yeye alitazama ziwa. Mimi nilimweleza uthibitisho wangu tangu mwanzo, kana kwamba hakuwepo. Alinisikiliza. Tulipopita mashamba ya kwanza ya michikichi akasema:

"Kuna mahali umeruka."

"Wapi?"

"Umemimina la Kizuka ndani ya la Kabonga. Mara ya pili ukahesabu kama la Kabonga limemiminwa ndani ya la Kizuka. Lazima useme kwamba kutangulia hakuleti tofauti. Iko kwenye zile sheria, ya kwanza kabisa, lakini lazima uitaje."

Nikafikiri hilo mpaka njia ilipopinda. Alikuwa na haki.

"Sasa kama unayajua haya, uliangukaje?"

"Sikuwa nayajua. Nilikariri. Profeseri aliniuliza kwa nini, nikamtajia ukurasa." Akakaza kamba ya vitabu vyake. "Nimeelewa leo, wewe ulipokuwa unamimina."

Kwa hiyo mimi ndiye niliyemfundisha. Profeseri alisaidia.

Rumonge nilishukia benchi la kahawa moja kwa moja. Nilitaka watu wasikie jambo likiwa bado moto. Nikawaeleza mapipa mawili, tupu na tupu, Kizuka na Kabonga, hatua kwa hatua. Walisikiliza kwa heshima, maana kahawa nililipa mimi. Nilipomaliza, rafiki yangu mmoja, mchuuzi wa ndagala, mtu ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika, akaweka kikombe chini.

"Yaani umekwenda Bujumbura kila juma, umechoma esansi ya gari, ukarudi na sufuri?"

"Na iko moja tu!" akadakia muuza kahawa mwenyewe. "Ungetuletea angalau mbili, tugawane."

Nikaenda nyumbani nikamwambia mke wangu. Akasema sufuri yeye anaijua, nimuulize siku za mwisho za mwezi, kisha akauliza chupa zile za mawese nitazitoa lini ukumbini. Mama hakuuliza uthibitisho. Aliuliza, "Mutoto amerudi?" Nikasema amerudi. Akasema haya, akaendelea na kazi yake, na sikuona furaha niliyokuwa nimemletea.

Mdogo wangu alikwenda Kizuka bila neno. Alivaa nguo za kazi, alifungua presi alfajiri, vikombe viliacha kuibwa. Neno shule hakulitaja, kama alivyoahidi. Nikasema mambo yamekaa.

Siku moja nikapanda kumtazama bila kumwambia. Nilisikia harufu kabla sijafika. Mawese yalikuwa yameungua ndani ya pipa la kuchemshia, moshi mweusi, na wafanyakazi walikuwa wanapita na mikungu ya ngazi, matunda ya michikichi, begani, wote wakizunguka mahali pamoja katikati ya uwanja kama kwamba kuna shimo. Hakukuwa na shimo. Mdogo wangu alikuwa amechuchumaa pale na kijiti cha kupimia mafuta, anaandika chini kwenye vumbi, herufi na mishale, mita kwa mita, na wale watu, kwa heshima, hawakutaka kumkanyagia.

"Mawese yanaungua," nikamwambia.

"Kaka!" akasema. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyepata mgeni baada ya mwaka. "Njoo uone. Ile ya mifano yako arobaini. Nimeiona kwa nini. Kaa hapa, usikanyage hapo."

Nikakaa. Akanieleza. Ilichukua muda, na moshi ulikuwa unatupata, na sitasema nilielewa yote, lakini nilielewa mahali inapogeuka. Nikamwambia, hapo, hapo ndipo. Akasema, ndiyo, hapo! Wafanyakazi walisimama na mikungu yao wakitutazama.

Nami ni mfanyabiashara. Niliona wazi nilichonacho: msimamizi ambaye kila siku anajua kitu, na katika Kizuka nzima hana wa kumwambia. Wa Rumonge nilikuwa nimeshawajaribu mwenyewe, kwenye benchi. Mtu wa namna hiyo huunguza mafuta. Leo pipa, kesho presi.

"Toa vitu vyako," nikamwambia.

"Nimefukuzwa?"

"Umefukuzwa."

"Na ahadi yetu?"

"Ulisema utarudi na utakaa Kizuka. Umerudi, umekaa. Siku ngapi hukusema. Ungekuwa mwangalifu na maneno yako."

Alinitazama, nikaona anatafuta mahali nilipokosea, na hakupaona. Akaanza kucheka, kisha hakuwa anacheka tena, nikaenda kuzima moto kwa sababu mtu alipaswa kuuzima.

Badala yake niliweka Kizuka mtu wa pale pale, mpole, mwimbaji, mwenye mke aliyekuwa anatuletea maharage kila nilipopanda. Alikuwa anaiba kikombe. Nilijua, naye alijua kwamba najua, tukaelewana.

Mdogo wangu alirudia mwaka, kwa pesa zangu, akafaulu, akaendelea mpaka mwisho. Mwaka mmoja kabla ya sabini na mbili alipata kazi ya kufundisha ng'ambo ya mpaka, Kigoma. Alipanda meli na sanduku la vitabu na viatu ambavyo, kwa mara ya kwanza, alijinunulia mwenyewe.

Sabini na mbili, mwaka ule wa mauaji, siielezi. Aliyekuwepo hahitaji maelezo yangu. Nasema yaliyo yangu tu. Presi ya Kizuka ilichomwa. Yule mwimbaji niliyemweka badala ya mdogo wangu hakuonekana tena, na mke wake hakupewa cha kuzika. Mpaka leo nampelekea mafuta, naye mpaka leo ananiletea maharage, na hatuzungumzi. Kisha wakaanza kutafutwa waliosoma, na aliyechukuliwa hakurudi. Mimi niliyekuwa nimeujaza mji kwamba ninasoma chuo kikuu, mwaka ule sikukaa kwenye benchi la kahawa. Hakuna aliyeniita mwanachuo. Wale wachuuzi, midomo yao yote ile, hawakulitamka neno hilo hata mara moja, na hiyo ni heshima kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa hapa Rumonge. Wanafunzi wale waliosimama nilipoingia na kanzu yangu, niliwaulizia, mmoja mmoja, kila nilipokwenda Bujumbura. Baadaye niliacha kuulizia.

Watu husema niliona mbali. Mtu akinisifu, kwa kawaida simkatishi. Hapo namkatisha. Sikuona mbali. Nilimfukuza kwa sababu aliunguza mawese.

Mama hakuwahi kuniuliza mambo ya pesa. Kwetu mwanamke hamuulizi mtoto wake wa kiume alichotoa. Lakini mwishoni mwa mwaka ule, barua ya kwanza ilipofika kutoka Kigoma kwa mkono wa mvuvi, na mimi nikamsomea mara mbili, alikaa na ungo magotini, hauna kitu ndani.

"Ule mwaka uliomlipia mdogo wako," akasema, "wa kurudia. Ulikula pesa ngapi?"

"Kwa nini, mama?"

"Nataka kujua tu, baba. Mutoto yuko hai."

Nikamwambia. Shule, chumba, chakula, vyote pamoja: faranga elfu ishirini na sita, mia nne na arobaini.